Somo: Chama cha Msingi Wakati wa Kampeni



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wajumbe wengi wa bodi huona haya kuliandika katika kumbukumbu za mikutano, nalo ni uchaguzi wa Wabunge na Madiwani. Haya hiyo ina sababu zake. Lakini katika wilaya kama yetu ya Same, ambamo riziki hutoka katika tangawizi na kahawa ya milimani, mpunga wa Ndungu, mkonge na jasi ya Makanya, hakuna mgombea awezaye kuomba kura pasipo kutaja mazao. Na akiisha kutaja mazao, amekwisha kukitaja chama. Wazee wetu waliijua siasa ya namna hii kabla hata ya kuwapo kura: mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walishuka Same kuipinga kodi ya mbiru.

Tutazame kwanza mfano wa mbali. Katika Uchaguzi Mkuu wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, karibu kila jimbo la Tanzania Bara lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Walihutubia mikutano ileile, kwa Kiswahili, wala hawakuruhusiwa kujinadi kwa kabila, rangi au dini. Huko Mwanza alianguka Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Huyu ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba katika miaka ya 1950 dhidi ya wanunuzi waliowapunja kwenye mizani, hata ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kama kuna mtu aliyestahili kura ya mwanaushirika, ni yeye. Sababu za kushindwa kwake hazikuwa moja, ila mkulima wa wakati ule alikuwa na manung'uniko mengi juu ya bei na makato, na kwa macho yake chama, serikali na mgombea vilikuwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata Serikali iliunda Kamati Maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Bomani mwenyewe alirudi Bungeni kwa kuteuliwa na Rais Nyerere. Vyama havikuwa na mlango wa namna hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Jimbo la Same Mashariki lilimchagua Mama Anne Kilango Malecela wa CCM mwaka 2005 na tena mwaka 2010. Mama huyu alijitoa sana kupigania kiwanda cha tangawizi cha Mamba Myamba, na jina lake likaambatana nacho. Mwaka 2015 alishindwa na Bibi Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA, na mwaka 2020 jimbo likarudi kwake. Msomaji asiharakishe kusema kwamba tangawizi ndiyo iliyoamua. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vilichukua majimbo saba kati ya tisa ya Mkoa wa Kilimanjaro, na Same Mashariki lilikuwa mojawapo. Upepo ule ulivuma kutoka mbali kuliko Mamba. Tena kulikuwapo na barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, iliyoahidiwa lami uchaguzi hata uchaguzi. Mtu anayeteremsha magunia ya tangawizi wakati wa masika hahitaji kuelezwa uzito wa ahadi hiyo.

Ninalotaka mlitafakari ni jambo jingine. Mbunge kuhangaikia kiwanda ni kazi yake, na apewe shukrani. Hatari huanza pale mwanachama anapoizoea mali ya chama kama mali ya mbunge. Akishinda, mwanachama hukaa akingoja aletewe. Akishindwa, hudhani kiwanda nacho kimeshindwa, naye hupeleka mzigo wake kwa mchuuzi wa shambani. Hisa alizolipa amezisahau.

Katika ukaguzi wangu nilipata kukuta, katika chama kimoja nisichokitaja, fedha taslimu zilizoingia sandukuni mwezi mmoja kabla ya kura. Stakabadhi haikukatwa. Katika daftari la fedha paliandikwa maneno mawili tu: "kutoka mheshimiwa". Nilipomuuliza mtunza hazina kama ni msaada, mkopo au malipo ya awali ya mazao, alijibu kwamba hawakuthubutu kumuuliza mtoaji. Mtoaji akashindwa. Baada ya wiki chache wakala wake alikuja kudai, na bodi, kwa hofu, ikamlipa kutoka katika fedha za malipo ya pili ya wakulima. Wakulima walipunjwa, na hakuna aliyeweza kushitakiwa kwa kuwa hapakuwa na karatasi. Mimi niliandika hoja ya ukaguzi, fedha hazikurudi.

Kwa hiyo, msaada wowote upokelewe kwa barua ya mtoaji na stakabadhi ya chama, upelekwe benki, na usomwe mbele ya mkutano mkuu, mtoaji awe mgombea au asiwe. Mashine au jengo liandikwe katika daftari la mali kwa jina la chama. Ghala na mizani visitumiwe kwa mkutano wa mgombea mmoja. Ikiwa bodi inataka kuwasikiliza, iwaalike wote, siku moja, na iwaulize juu ya barabara, ushuru wa mazao na pembejeo. Mjumbe wa bodi anayetaka kugombea akabidhi funguo na madaftari kabla hajachukua fomu. Kanuni ya nne kati ya saba zilizopitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani huko Manchester mwaka 1995 inahusu uhuru na kujitegemea. Haiwakatazi wanachama kuwa na itikadi zao, kila mmoja na yake.

Mwalimu wa kikundi cha kujisomea aulize maswali haya, na majibu yaandikwe. Je, katika chama chetu kuna kitu kilicholetwa na kiongozi wa siasa ambacho hakimo katika daftari la mali? Nani anashika hati zake? Na kama mtoaji angekuja kesho kukidai, mwenyekiti angemwonesha karatasi gani?