Anayetembea Usingizini: Kalamu Imeinuliwa, Dhamana Imebaki

Mwanafunzi akiinuka usiku hosteli, macho wazi, akafungua mlango na haitikii anapoitwa, kauli ya kwanza huwa: "Ana jini." Kabla ya kumwita mtu wa kisomo, tujue kinachotokea.

Kutembea usingizini hutokea katika usingizi mzito, hasa theluthi ya kwanza ya usiku. Ubongo huamka nusu: unaoendesha viungo umeamka, wa fahamu na kumbukumbu umelala. Ndiyo maana huweza kukwepa meza, na asubuhi hana habari. Watoto hupatwa zaidi, kwa kuwa usingizi wao mzito ni mwingi, na wengi huacha wakikaribia balehe. Hali hii huenda kwa ukoo; muulize mama, huenda mjomba alikuwa hivyo. Mtu mzima huchochewa na kukesha (wiki ya mitihani hiyo!), homa, msongo wa mawazo, kukoroma kwa kukatika pumzi, au dawa za usingizi kama zolpidem.

Je, ana dhambi? Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud na wengineo, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmojawapo aliyelala mpaka aamke. Huyu amelala, hata kama miguu inakwenda. Lakini tusichanganye dhambi na dhamana. Akivunja simu ya mwenzake, hulipwa. Mafakihi wamelieleza kwa mfano wa aliyelala akamgeukia mtoto akamuua: dhambi ya kukusudia haipo, diya ipo. Na kwa Alfajiri atawadhe upya, maana usingizi ule ni usingizi.

Usimpige wala kumwagia maji. Kumwamsha hakumuui, kama wengine wanavyodai, ila huzinduka amechanganyikiwa na anaweza kurusha ngumi. Muongoze taratibu arudi kitandani. Kwenye kitanda cha deka alale chini. Mlango ufungwe, na ufunguo akae nao mwenzake wa chumbani, si mbali, moto ukitokea. Nyiradi za kulala ni sunna kwetu sote, naye asomewe akipenda. Kumchapa ati jini litoke ni dhulma.

Ikiwa imemwanzia ukubwani, anaumia, au hukakamaa na kuuma ulimi, mpelekeni kliniki ya chuo haraka. Huenda ni kifafa, nacho kina dawa zake.