Mjomba Akifika Mizanini

Leo naweka pembeni barua za mapenzi, ingawa ndizo nyingi, nijibu moja ya kazi. Imetoka kwa binti wa Newala. Ana kidato cha nne, ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, na huu ni msimu wake wa tatu wa korosho. Wenzake aliomaliza nao shule wako Dar es Salaam, mmoja anauza nguo Kariakoo, na kila wakimpigia simu wanamcheka kwamba amejifungia na magunia. Anauliza: "Dada, karani wa mizani anaweza kuwa meneja hapa hapa, au najidanganya?"

Hujidanganyi, mdogo wangu. Ila kwanza ujue unapanda ngazi ipi, maana AMCOS, yaani chama hicho cha msingi, ina ngazi mbili na watu huzichanganya. Mwenyekiti na bodi yake wanachaguliwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Karani, mtunza ghala, mhasibu na meneja ni waajiriwa. Ukitaka uenyekiti, hiyo ni habari ya mikorosho yako, uanachama wako na kura. Ukitaka umeneja, kaa mbali kabisa na kambi za uchaguzi. Karani akishajulikana kuwa ni mtu wa mwenyekiti fulani, siku mwenyekiti huyo akianguka naye huondoka, hata kama vitabu vyake vilikuwa safi kama maji ya mvua.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Wengi mnadhani cheo kinaanza kwa cheti au kwa kujuana na wakubwa. Kwa kazi yako kinaanza siku mjomba anaposhusha gunia.

Sisi Wamakonde, na jirani zetu Wamakua na Wayao, tunamjua mjomba ni nani. Ndiye aliyesimamia mwali alipotoka unyagoni, ndiye atakayekaa mbele posa ikija. Akisema, dada zake wananyamaza. Sasa mzee huyo huyo amefika na bodaboda, magunia mawili, na wewe ukichota unaziona korosho hazijakauka. Au chini ya gunia kuna kokoto. Au ni korosho za daraja la pili naye anataka ziandikwe la kwanza. Nyuma yake kuna foleni ya watu ishirini, wote macho yao kwako, na nusu yao wanajua mama yako ni dada yake.

Ukimpitishia, nini kinatokea? Korosho zilizo na maji zina uzito leo. Zikifika ghala kuu zimenyauka, zikipimwa tena kilo zinapungua, na pengo hilo halimfuati mjomba. Linakuwa deni la chama, yaani la wakulima wote wa kijiji. Ukaguzi ukija, kidole kinarudi kwenye saini iliyo kwenye risiti, na saini ni yako. Ukimkatalia kwa ukali mbele ya watu, umepona kikazi lakini nyumbani umewasha moto ambao mama yako ndiye atakayeuzima.

Kwa hiyo usimkatalie, na usimpitishie. Amkia vizuri: "Shikamoo mjomba. Korosho zako nzuri, ila bado zina maji. Tuzimwage hapa kwenye turubai zipate jua, kesho asubuhi zitapimwa za kwanza." Na kesho zikipimwa, mwachie mwenzako ndiye apime. Jiwekee utaratibu huo tangu mwanzo wa msimu, uwaambie na wenzako: ndugu yangu akija, simpimi mimi. Na wao wafanye hivyo kwa ndugu zao. Mwanzoni watakuita mwenye maringo. Msimu wa pili utaona wakulima wasio na ndugu ofisini wanauliza kama uko zamu leo, na habari za namna hiyo hazichelewi kufika kwenye kikao cha bodi.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu unakuja na fedha: kangomba. Mnawajua, wanaopita vijijini kabla ya msimu, njaa ikiwa imebana, wakinunua korosho kwa bakuli kwa bei ya kutupa. Wakishazikusanya hawawezi kuziuza mpaka zipite chama cha msingi kwa jina la mwanachama. Mlango wao ni karani. Atakuja kijana msafi, atakuita "sister", atakuachia bahasha ya vocha. Sikufundishi uchamungu hapa, nakuambia hesabu tu: bahasha ile inaisha wiki hiyo hiyo, na yeye atakushika nayo miaka kumi. Siku ukiwa meneja atarudi, na safari hiyo hataomba.

Basi. Ukishaaminika, uaminifu peke yake utakuacha palepale kwenye mizani, tena watakupenda ubaki hapo! Waajiri wetu wana tabia ya kumkalisha mtu mwema mahali anapowafaa. Inabidi ujue kazi ya meza ya jirani. Lifuate gunia kwa macho likishaondoka kwako. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: chama cha msingi kinakusanya, ghala kuu linapokea na kuthibitisha ubora, chama kikuu kinapeleka mnadani, mnunuzi analipa, fedha zinashuka hadi akaunti ya mkulima benki. Newala na Tandahimba mko chini ya chama kikuu cha TANECU. Masasi na wenzao wa Mtwara na Nanyumbu wako MAMCU. Msimu wa 2024/2025 minada ikahamia kwenye mfumo wa kidijitali wa soko la bidhaa, TMX, na wazee wengi hadi leo wanauliza mbona hawaoni tena barua za wanunuzi zikifunguliwa mbele yao.

Mzee akija kuuliza, "Mwanangu, fedha yangu iko wapi?", makarani tisa kati ya kumi wanamjibu "muone meneja". Wewe uwe yule wa kumi. Jua mzigo wake uliingia mnada gani, bei ilikuwa ngapi, makato ni yapi na ya nini, benki imepokea lini. Umeneja wa AMCOS kwa sehemu kubwa ni kazi hiyo: kumweleza mkulima aliyekasirika mambo yasiyopendeza, aondoke ameelewa.

Na kuna jambo moja la kwetu huku ambalo wa Kariakoo hawalijui: kazi yako ina msimu. Mnada wa mwisho ukipita, makarani wanarudi nyumbani kusubiri Oktoba. Hapo ndipo nafasi ya kudumu inapopatikana, wakati wenzako wamekwenda kwenye ngoma. Chama hakilali. Kuna kusahihisha daftari la wakulima, kuna kugawa salfa na viuatilifu vya ruzuku kabla ya kupulizia, kuna kufunga hesabu, kuna wakaguzi wa hesabu wa COASCO, kuna taarifa za kuingiza kwenye MUVU, ule mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambao mameneja wa zamani wanauogopa kama chatu. Jifunze kompyuta uwasaidie. Mtu anayejua MUVU hapelekwi nyumbani Februari.

Cheti? Ndiyo, utakihitaji, ila baada ya kujua kazi. Pale Moshi kuna chuo cha ushirika kilichoanza mwaka 1963 na sasa ni chuo kikuu kamili, na wana ngazi za chini pia kwa watu wa kidato cha nne. Njia hii ni ya zamani. Paul Bomani alianzia ukatibu wa chama kidogo cha ushirika Mwanza, akaenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi kuongoza muungano mkubwa wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, na baadaye akawa waziri wa fedha. Najua watu wa Masasi mtataka nimtaje Mzee Mkapa wa Lupaso, aliyekuwa rais. Namheshimu sana, lakini alitoka Makerere mwaka 1962, nchi ikiwa na wasomi wa kuhesabika. Aliingia kwa mlango wa juu. Wewe unaingia kwa mlango wa magunia, mfano wake hautakusaidia sana.

Kwa wale wa viwanda vya kubangua, hayo hayo yanawahusu. Msibaki kuhesabu kilo mlizomenya tu. Ulizeni kwa nini W240 inauzwa ghali kuliko W320. Namba hiyo ni idadi ya punje nzima nyeupe kwa ratili moja, kwa hiyo ikiwa ndogo punje ni kubwa. Anayejua punje moja ikivunjika kiwanda kinapoteza nini ndiye anayewekwa kusimamia meza.

Karatasi zako pia, mdogo wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya maelezo ya ajira kwa maandishi, hata kwa kazi ya msimu, na cheti cha utumishi ukimaliza. Kidai kila msimu ukiisha. Vikifika vitatu, hiyo ni historia yako. Na likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 kwa malipo, 100 kwa mapacha. Asikuambie mtu kwamba mimba imefuta zamu yako.

Halafu omba. Usisubiri waone. Mwezi Machi, hesabu zikiwa mezani na watu wametulia, andika ukurasa mmoja: misimu mitatu, kilo ulizopima, tofauti kati ya mizani yako na ghala kuu, na kazi unayoitaka, ukianza na msaidizi wa mhasibu. Mpe meneja, nakala kwa bodi, nakala ubaki nayo. Wakikaa kimya msimu huu na unaofuata, nenda ukagonge chama kikuu au kiwandani na hizo hizo karatasi. Kuondoka hivyo si kushindwa, na Kariakoo haitakuwa imehama.

Na wewe wa Masasi uliyeuliza kama umkopeshe mchumba fedha za korosho za mama yako anunue bodaboda: usimpe kitu mpaka toleo lijalo. Hiyo nitaijibu peke yake.