Kabati la Jikoni na Maji Yasiyoonekana

Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana, mtu anayetaka kabati la jikoni huuliza kwanza mti upi ni mgumu. Ni swali jema kwa nguzo ya nyumba. Kwa jikoni kuna la kulitangulia: ubao huo ukipata unyevu, utatanuka kiasi gani?

Tuanze ndani ya mti. Ubao ni kama fungu la matete membamba mno, na maji hukaa mahali pawili: kwenye tundu la kila tete na ndani ya ukuta wake. Ubao ukikauka, maji ya tunduni hutoka kwanza. Uzito unapungua, upana uko vilevile. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, ndipo maji ya ukutani yanapoanza kutoka, na ubao unasinyaa.

Nao hausinyai sawa kila upande. Kwa urefu, karibu hakuna. Kutoka kiini kuelekea gome, miti mingi hupungua kama asilimia 4 ikikauka kabisa. Kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, kama 8. Tofauti hiyo ndiyo huukunja ubao. Tena mabadiliko hayo hayaishi: ubao mkavu huendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote.

Tupige hesabu. Mlango wa kabati ni ubao mmoja wenye upana wa milimita 300, uliopasuliwa upana wake ufuate pete. Masika yanaingia, sufuria zinatoa mvuke, unyevu wa ubao unapanda kutoka asilimia 10 hadi 16. Hizo 6 ni sehemu ya tano ya 30, basi chukua sehemu ya tano ya 8: asilimia 1.6. Mlango umetanuka karibu milimita 5, na haufungiki.

Basi mti upi? Mwembe umejaa mashambani mwa Wapokomo, wakulima wa ukingo huo, na hupigika randa vizuri, ila una wanga unaowavutia wadudu wapekechao mbao. Ningeuweka kwenye rafu, ukiwa umekaushwa vyema. Mti wa mathenge, uliopandwa Bura katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, umeziba malisho na miiba yake imejeruhi mifugo; wanaouchukia wana haki. Hata hivyo mbao zake husinyaa kidogo kuliko za miti mingi, na pande zake mbili hazipishani sana. Kasoro ni magogo mafupi yaliyopinda.

Lakini mlango mzuri hauhitaji ubao mpana. Tengeneza fremu ya vipande vya milimita 50, kisha ingiza ubao wa kati kwenye mfuo wa fremu, bila gundi wala msumari, ukiuachia nafasi ya kutanuka. Sasa kinachosukuma upana wa mlango ni vipande viwili vya wima vya fremu tu, jumla milimita 100. Hata kwa mti wa kawaida, ni milimita 1.6. Kwa mathenge ni pungufu ya hapo. Vanishi ipakwe mbele na nyuma, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunywa kwa upande wa pili na kujikunja.