Nani Bingwa wa Gongo? Ulinganishi wa Mafanikio Makuu ya Wapigaji katika Historia ya Besiboli

1.0 Utangulizi

Swali la nani amemshinda nani kwa ubora halikosi kuzuka penye watu wawili na kipimo kimoja. Wanafunzi wa fasihi hulizusha kila wanapowataja malenga wa enzi mbalimbali, nao mashabiki wa kandanda hulizusha kila mwisho wa juma. Nchini Marekani, swali hili limejadiliwa kwa takwimu nyingi mno katika besiboli, mchezo ambao kumbukumbu zake zilianza kuhifadhiwa katika karne ya 19. Makala haya yanakusudia kulinganisha baadhi ya mafanikio makuu ya wapigaji wa mchezo huo na kuchunguza vigezo vinavyotumiwa kuyapima. Hoja yetu ya msingi ni kwamba tarakimu haijitoshelezi. Hupata maana kutokana na muktadha wake, sawa na neno linavyopata maana ndani ya sentensi.

2.0 Istilahi za Kimsingi

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Katika besiboli, timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, naye mpigaji hujaribu kuugonga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza kati ya vinne vya uwanja. Akifika salama kwa sababu ya mpira alioupiga vyema, huhesabiwa kuwa amepata pigo. Mpira ukivuka ua wa uwanja, mpigaji huvizunguka vituo vyote bila kuzuiwa. Hilo tutaliita pigo la mzunguko.

Wastani wa mapigo hupatikana kwa kugawanya idadi ya mapigo kwa idadi ya zamu zinazohesabiwa. Mpigaji mwenye wastani wa 0.300 huitwa hodari, ilhali hushindwa mara saba katika kila zamu kumi. Msomaji akizingatia jambo hilo, ataelewa kwa nini mafanikio yafuatayo yanasimuliwa hadi leo.

3.0 Msimu wa 1941: Wastani na Mfululizo

Msimu wa 1941 ulizaa mafanikio mawili ambayo mpaka sasa hushindanishwa. Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.406. Siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba, aliamka akiwa na wastani wa 0.39955, ambao ungekadiriwa kuwa 0.400. Angeweza kuketi na kuihifadhi heshima hiyo. Badala yake alicheza mechi zote mbili za siku hiyo mjini Philadelphia, akapata mapigo sita katika zamu nane. Tangu wakati huo, hakuna mchezaji wa Ligi ya Amerika wala Ligi ya Taifa aliyefikia 0.400.

Katika msimu uo huo, Joe DiMaggio wa New York Yankees alipata angalau pigo moja katika kila mechi kwa mechi 56 mfululizo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 16 Julai. Ili kuupima uzito wa jambo hili, tufanye hesabu ndogo. Wastani wa DiMaggio msimu huo ulikuwa 0.357. Tukichukulia kwamba alipata zamu nne kila mechi, uwezekano wa kupata angalau pigo moja katika mechi moja ni takriban asilimia 83. Lakini uwezekano wa kulifanya hilo katika mechi 56 zilizoteuliwa, bila kukosa hata moja, hushuka hadi takriban mara moja katika 36,000. Kwa mpigaji wa wastani wa 0.300, hushuka hadi takriban mara moja katika milioni tano. Si ajabu kwamba aliyemkaribia zaidi ndani ya msimu mmoja baada ya hapo, Pete Rose mwaka 1978, alikomea mechi 44.

Hata hivyo, katika kipindi cha mechi hizo 56 wastani wa DiMaggio ulikuwa 0.408, na wa Williams katika siku zizo hizo ulikuwa 0.412. Kwa hivyo mfululizo hauthibitishi kwamba mtu alipiga vizuri kuliko wenzake wote. Unathibitisha kwamba mapigo yake yaligawanyika bila kuacha pengo. Kigezo cha wingi na kigezo cha uthabiti havipimi kitu kimoja.

4.0 Umbali wa Mchezaji kutoka kwa Wenzake

Je, tunawezaje kuwalinganisha wachezaji ambao hawakukutana uwanjani? Njia mojawapo ni kupima jinsi kila mmoja alivyojitenga na watu wa enzi yake. Mfano mashuhuri katika mafunzo ya takwimu huwalinganisha Ty Cobb (0.420 mwaka 1911), Williams (0.406 mwaka 1941) na George Brett (0.390 mwaka 1980). Kwa kuzitazama tarakimu tu, Cobb ndiye wa kwanza na Brett ndiye wa mwisho.

Tukichukua wastani wa wapigaji wote wa kila enzi pamoja na kipimo cha mtawanyiko, yaani kiasi ambacho wapigaji hao walitofautiana wao kwa wao, picha hubadilika. Cobb alikuwa vipimo 4.15 juu ya wenzake, Williams 4.26 na Brett 4.07. Williams anampita Cobb, na pengo kati ya Cobb na Brett linakaribia kufutika. Sababu ni kwamba katika enzi ya Cobb tofauti kati ya hodari na dhaifu ilikuwa kubwa, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kujitokeza. Mwanabayolojia Stephen Jay Gould alieleza kwamba kutoweka kwa wastani wa 0.400 hakuonyeshi kuporomoka kwa vipaji. Kunaonyesha kuwa kiwango cha wachezaji wote kimepanda na tofauti zao kupungua.

5.0 Mapigo ya Mzunguko: Ruth, Aaron na Bonds

Kigezo hicho cha umbali humpa Babe Ruth nafasi ya pekee. Mwaka 1920 Ruth alipata mapigo 54 ya mzunguko. Aliyemfuata katika Ligi ya Amerika, George Sisler, alipata 19. Mbali na Yankees wenyewe, hapakuwa na timu nzima katika ligi hiyo iliyofikia 54. Mwaka 2001 Barry Bonds alipata 73, idadi kubwa zaidi kuwahi kupatikana katika msimu mmoja, lakini Sammy Sosa alimfuata kwa 64. Ruth alimzidi mwenzake karibu mara tatu, ilhali Bonds alimzidi mwenzake kwa mapigo tisa tu. Isitoshe, mafanikio ya miaka hiyo yamegubikwa na suala la dawa za kuongeza nguvu. Mark McGwire, aliyepata 70 mwaka 1998, alikiri mwaka 2010 kwamba alizitumia. Bonds alikana kuzitumia kwa kujua.

Hank Aaron naye ni mfano wa methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Hakuwahi kufikisha mapigo 50 ya mzunguko katika msimu wowote, kwani idadi yake ya juu ilikuwa 47. Hata hivyo alistaafu akiwa na 755, baada ya kuivuka rekodi ya Ruth ya 714 mjini Atlanta tarehe 8 Aprili 1974. Alipoikaribia rekodi hiyo, yeye aliye Mwamerika mweusi aliandikiwa barua nyingi za matusi na vitisho vya kuuawa. Hakuna safu ya takwimu inayobeba mzigo huo, ingawa aliubeba kila alipoingia uwanjani.

6.0 Waliofungiwa Nje ya Hesabu

Suala la Aaron linatuleta kwenye kasoro kubwa zaidi. Hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani, wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu kwa miongo mingi. Cobb na Ruth walijitenga na wenzao, naam, lakini ni wenzao wangapi waliozuiwa kushindana nao?

Josh Gibson alicheza katika ligi za weusi na kufariki Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla ya mlango kufunguliwa. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Gibson alicheza kwao, asituzwe. Mwaka 2020 uongozi wa besiboli ulizitambua ligi hizo za miaka ya 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi, na wastani wa Gibson wa 0.372 ukampita Cobb aliyekuwa kileleni kwa 0.367. Aidha, wastani wake wa 0.466 wa mwaka 1943 ukawa wa juu kabisa kwa msimu mmoja.

Wapo wanaopinga, wakidai kwamba misimu hiyo ilikuwa mifupi na kumbukumbu zake zina mapengo. Hoja hiyo ina uzito, kwani wastani wa juu hudumishwa kwa urahisi zaidi katika mechi chache. Lakini mapengo hayo hayakusababishwa na wachezaji. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunalijua jambo hili vizuri: kazi isiyorekodiwa huhesabiwa kana kwamba haikutungwa, kisha kutorekodiwa kwake kukafanywa ushahidi wa unyonge wake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba kila kigezo humtawaza bingwa wake. Kwa uadimu, ni DiMaggio. Kwa kujitenga na wenzake katika msimu mmoja, ni Ruth wa 1920. Kwa udumifu, ni Aaron. Kwa wastani, orodha rasmi sasa inaanza na Gibson. Tukilazimika kuchagua moja, tunauchagua msimu wa Ruth, kwa sharti kwamba msomaji akumbuke ni kina nani hawakuruhusiwa kushindana naye. Mlinganishi mwema hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa hukumu: ni nini kilichopimwa, dhidi ya nani, na nani aliachwa nje ya kipimo. Maswali hayo yanawafaa pia wanaowalinganisha washairi na waandishi wetu, nasi tunawaalika wanachama wenzetu kuuendeleza mjadala huu.