Binamu wa Bibi Harusi Atutembeze Bure?

Shangazi,

Tunaishi Reading, Uingereza, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka saba na mitatu. Mwenzangu wa kazini hospitalini ni mzaliwa wa Saint Lucia, kile kisiwa cha Karibi. Anaolewa kwao likizo ya Pasaka na ametualika. Harusi ikiisha tutabaki siku nne. Binamu yake amejitolea kututembeza kwa gari lake. Mume wangu amefurahi mno: anasema huyo ni ndugu, tutajaza mafuta tu, na kwa kuwa kisiwa ni kidogo tutakizunguka chote kwa siku moja, kesho yake tupande wote mlima Gros Piton. Mimi namtazama huyu wa miaka mitatu nakosa la kusema. Nikipinga naambiwa naharibu safari. Na kumtumia mtu bila kumlipa naona aibu. Nishauri.

Mama wa Wawili, Reading

*

Mwanangu,

Nianze na pesa, kwa sababu ndiyo itakayoamua hata hilo la watoto. Mwenyeji anayekutembeza kwa hisani ndiye mwenye siku. Ameacha shughuli zake, amepanga kukuonesha kila anachojivunia, pengine na shangazi zake watatu wanawasubiri kwa chakula. Ikifika saa tano asubuhi mdogo akaanza kulia, utaona haya kumwambia, “Turudi.” Aliyekwisha kulipwa siku yake hapotezi kitu mkirudi mapema. Malipo ndiyo yanayokupa ruhusa ya kukatisha safari bila kumvunjia mtu heshima, na mwenye watoto wadogo hahitaji ruhusa nyingine zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo mlipeni. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Na huyo binamu hata kufanana bado hamjafanana. Zungumza na bibi harusi mapema, kabla shughuli hazijamzidi, umuulize dereva wa watalii hulipwa kiasi gani kwa siku. Akitaja bei, uliza ni dola gani. Kule wanatumia dola ya Karibi Mashariki, na dola moja ya Marekani ni sawa na 2.70 za kwao, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1976. Dola za Marekani nazo hupokelewa madukani na kwenye teksi. Asiyeuliza anaweza kulipa karibu mara tatu, au akamtolea mwenzake theluthi ya alichotarajia.

Uliza pia kuhusu gari. Teksi zilizosajiliwa zina namba zinazoanza na herufi TX. Kama gari la binamu ni la nyumbani tu, bima yake huenda isiwahesabu abiria wanaolipa, na barabara za kule si za kubahatisha. Hapo kodini teksi yenye dereva, binamu akae mbele awe mwenyeji wenu na msimulizi, mumpe bahasha yake jioni. Na kiti cha gari cha mtoto msikitegemee huko. Bebeni chenu kutoka Reading. Mashirika mengi ya ndege hukipakia bure.

Sasa huo udogo wa kisiwa. Ni kweli, Saint Lucia ina urefu wa kilomita 43 hivi. Lakini kilomita hizo zimekunjwa juu ya milima. Kutoka Castries, mji mkuu, kwenda Soufrière upande wa kusini-magharibi, barabara inapanda, inashuka na kupinda, inapita bonde la migomba la Roseau na vijiji vya wavuvi vya Anse La Raye na Canaries. Ni safari ya zaidi ya saa nzima, na mtoto aliyetoka kunywa maziwa hatafika Canaries nayo tumboni. Kuzunguka kisiwa chote kwa siku moja ni kuwafungia watoto ndani ya gari na kuwaonesha bahari dirishani.

Badala yake, gawanyeni. Siku ya kwanza kaeni kaskazini, Pigeon Island. Zamani kilikuwa kisiwa kilichojitenga. Kimeunganishwa na nchi kavu tangu miaka ya 1970. Pana magofu ya ngome ya Waingereza ambayo mkubwa atayapanda kama yake, na fukwe mbili ndogo ambazo mdogo ataridhika nazo. Siku ya pili nendeni Soufrière, ikiwezekana kwa boti, kwa kuwa bahari ya upande wa magharibi mara nyingi ni tulivu kuliko ile ya Atlantiki. Mlale hukohuko usiku mmoja ili milima na safari ya kwenda na kurudi visibanwe ndani ya siku moja.

Huo mlima wa mumeo haujakatazwa. Gros Piton una mita 798, na pamoja na pacha wake Petit Piton umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2004. Mtu mzima huhitaji kama saa nne kuupanda na kushuka, juu ya mawe makubwa, na haupandwi bila kiongozi. Viongozi hao hutoka Fond Gens Libre, kijiji kilicho miguuni pa mlima, ambacho historia yake inaanzia kwa watumwa waliojikomboa na kupigana mwishoni mwa karne ya 18. Aende nao alfajiri, peke yake. Wewe na watoto mtembee njia ya Tet Paul, ambayo huchukua kama dakika 45, na kutoka pale mtaiona milima yote miwili. Mkubwa akiuliza baba yuko wapi, mnyooshee kidole.

Karibu na hapo kuna Sulphur Springs, matope yanayochemka na kufuka mvuke kutoka kwenye volkano. Inanuka mayai viza, kwa hiyo watoto wataipenda. Hutazamwa kutoka kwenye jukwaa, na huyo mdogo ashikwe mkono muda wote. Mabwawa ya kuogea matope yako chini zaidi, lakini maji yake ni ya moto kwa mwili mdogo: miguu tu, dakika chache, kisha kivulini na maji ya kunywa.

Saa nazo zitawasaidia mkizikubali. Mwezi wa nne Saint Lucia iko nyuma ya Uingereza kwa saa tano, kwa hiyo watoto wataamka usiku wa manane siku za mwanzo. Msipigane nao. Mwambie binamu mtaondoka saa moja asubuhi na kurudi saa sita mchana, kabla jua halijakaza. Giza huingia mapema kama kwetu, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni.

Mengine ni mafupi. Usiwafungashie suruali yoyote yenye madoa ya kijeshi, hata ya mtoto. Kule raia kuivaa ni kosa la sheria. Mkifika ufukweni, mwombe binamu awaoneshe watoto mti wa manchinili kabla hawajavua viatu. Tunda lake linafanana na tofaa dogo la kijani, nalo ni sumu, utomvu wake huunguza ngozi, na mvua ikinyesha msijikinge chini yake. Mkiingia dukani au kwenye basi, salimuni kwanza. Wakazi wa kule hulipima hilo kama watu wa kwetu wanavyolipima. Chakula kisikutishe. Ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi ndicho chakula chao cha taifa, shelisheli limejaa, na pale Canaries kuna mkate wa muhogo wa moto kando ya barabara.

Kwa mumeo, mweleze mambo matatu kwa mpigo: mlima ni wake, alfajiri, pamoja na kiongozi wa kijiji, mchana ni wa watoto, na malipo ya binamu yanatoka mfukoni mwenu nyote wawili. Akigoma, mwachie lolote isipokuwa hilo la malipo. Mtoto aliyechoka atalala na kusahau, lakini bibi harusi utakutana naye wodini mkirudi kazini.

Shangazi