Nilipimwa usonji utotoni. Je, bado ninao?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 25, ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho huku Dimani, Kibiti. Nilipokuwa na miaka mitatu nililazwa kwa malaria kali, na mama anasema tuliporudi nyumbani hata yale maneno machache niliyokuwa nayo yalipotea. Babu akasema nimechezewa. Mama akanipeleka Dar es Salaam, huko wakaandika kwamba nina usonji. Leo naongea, nimesoma, na msimu mzima wa korosho hesabu zangu hazipishani na mizani. Lakini nikialikwa harusini, au kukiwa na msiba, nakariri kwanza nitakayosema, na nikirudi najifungia chumbani mpaka kesho yake. Sasa nataka kuoa. Mama anasema nilishapona, karatasi ile ichomwe. Je, nilipona, walikosea, au niko vilevile? Na mchumba nimwambie?*
Karani, Dimani

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako, kwa heshima zote, karatasi isichomwe. Utaihitaji.

Hayo matatu uliyoyauliza yote hutokea kwa watu. Wapo waliokosewa: mtoto asiyesikia vizuri, au aliyechelewa tu kusema, huweza kudhaniwa ana usonji iwapo aliyempima hakuwa na muda wa kutosha naye. Na malaria anayoisimulia mama yako usiipuuze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto 20 wa hapa Tanzania ulithibitisha usonji kwa 14, na kati yao watatu dalili zao zilianza mara tu walipopona malaria kali. Kwa hiyo kisa chako kinajulikana kwa madaktari, wala hakuna aliyekuchezea. Babu aliona mtoto amenyamaza ghafla, akatafuta sababu kwa alichokijua.

Wapo pia waliotoka kwenye usonji. Mwaka 2013 Deborah Fein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walieleza habari za watu 34, wa miaka 8 hadi 21, waliokuwa na usonji utotoni lakini walipopimwa tena hawakuwa na dalili za kutosha kuitwa hivyo. Nafurahi kwa ajili yao. Ila ni wachache. Walio wengi huzeeka nao, wakijifunza njia za kuishi.

Kilichonigusa kwenye barua yako ni ule mlango unaoufunga. Watu wa Dimani wanamwona karani mpole, hodari wa hesabu. Hawamwoni aliyekariri salamu za rambirambi njia nzima, akarudi hoi. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu Januari 2022, unasema wazi kwamba baadhi ya wenye usonji humudu mambo yao kwa kujitahidi kupita kiasi, hata upungufu wao usionekane kwa wengine. Mimi sikupimi kwa barua. Lakini kwa uliyoyaandika, nisingekubali neno “nilishapona” kabla mtaalamu hajakutazama. Kupona hakumlazi mtu kitandani kila akitoka harusini.

Basi nenda ukapimwe upya. Anzia kwa daktari hapo Kibiti au Mchukwi, uombe rufaa ya kuonana na madaktari wa afya ya akili Muhimbili. Nenda na mama, kwa sababu watauliza ulianza lini kusema, ulichezaje, uliogopa nini, na wewe huwezi kuyakumbuka. Chukua karatasi ile na ripoti za shule kama zipo. Omba masikio yapimwe pia. Na madaktari usiwaambie tu kazi unayoiweza. Waambie na gharama yake, siku za kujifungia, salamu za kukariri. Ukificha hayo watakupima yule karani wa mizani, na wewe utarudi na jibu lisilo lako.

Kuhusu mchumba, mwambie sasa, kabla barua ya posa haijapelekwa. Usimwambie “nina ugonjwa.” Mweleze unavyoishi: kwamba mikusanyiko inakuchosha, kwamba ukinyamaza hujamkasirikia, kwamba baada ya shughuli unahitaji chumba na utulivu. Hayo atayaishi yeye, jina lolote madaktari watakalokupa. Akiuliza kuhusu watoto, usimdanganye: usonji una mkono wa urithi, mzazi mwenye nao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye nao, lakini watoto wengi wa wazazi hao hawanao. Shangazi zake na wajomba si lazima wajue. Yeye ni lazima.

Na harusi yenu, mwanangu, iwe ndogo. Una haki ya kuomba hilo hata kabla majibu ya Muhimbili hayajatoka.