Kuflashi Kadi ya Picha Bila Kuiua

Kurasa hizi kwa kawaida ni za mashairi, ngeli na insha. Leo naomba ruhusa ya Chama niwasomeshe jambo la tarakilishi, maana mwenzangu mmoja wa darasani alisema ati haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili. Haya, tutaona.

Neno kuflashi mnalijua. Mtu akikupigia simu ikalia mara moja kisha akakata, amekuflashi. Siyo hiyo. Fundi wa simu akikuambia simu yako iliyogoma kuwaka inataka kuflashiwa, hiyo ndiyo: anataka kuifuta programu iliyo ndani kabisa ya simu na kuiandika upya.

Kadi ya picha ni ile inayochomekwa ndani ya tarakilishi ili itengeneze picha tunazoziona kwenye skrini. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na feni zake. Tena ina chipu ndogo yenye miguu 8, ambayo usipotafuta kwa makini hutaiona. Humo ndimo inamokaa programu iitwayo bayosi, na stima ikiwashwa hiyo ndiyo huamka kwanza. Huiambia kadi: kumbukumbu yako ilitengenezwa na kampuni fulani, iendeshe kwa mwendo huu, matundu yako ya waya wa skrini ni haya, joto likifika hapa feni ziongeze kasi, usinywe umeme kupita kiasi hiki. Kadi haina njia nyingine ya kujijua.

Kwa nini mtu aiguse? Sababu zipo. Kadi ya AMD iitwayo RX 480 ilipotoka mwezi wa Juni 2016, baadhi ya zile zilizouzwa kama za gigabaiti 4 zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, nusu yake imefungwa na bayosi tu. Waliozinunua mapema wakaflashi bayosi ya 8, wakapata nusu ya pili bure. Na mnamo Januari 2020 AMD wenyewe waliongeza nguvu za RX 5600 XT siku chache kabla haijaanza kuuzwa. Kadi nyingine zilikuwa tayari zimo katika maboksi, kwa hivyo wanunuzi walilazimika kuziflashi wenyewe. Kwa hivyo kazi hii si uhuni.

Sababu iliyonikuta mimi ni nyingine. Hadi tarehe 15 Septemba 2022 watu wengi duniani walitumia kadi za picha kuchimba sarafu ya Ethereum. Siku hiyo uchimbaji wa sarafu hiyo ulikoma, na kadi nyingi zikauzwa kama mitumba. Wachimbaji walikuwa wamezibadilisha bayosi ili kumbukumbu iende mbio zaidi. Mfikirie makanga wa matatu. Abiria anapopanda, makanga mwema hungoja miguu yote miwili iingie ndipo agonge mlango dereva aondoke. Makanga wa kadi ya mchimbaji hugonga mguu mmoja ukiwa bado chini. Mara nyingi abiria huwahi. Asipowahi, picha inatokwa na vidoadoa au tarakilishi inaganda.

Kaka yangu ana saiba ndogo karibu na stendi, na jioni vijana huja kucheza michezo. Alinunua RX 580 ya mtumba, ya gigabaiti 8, kwa shilingi 12,000, kibandiko chake cha nyuma kimebanduliwa. Tulipoichomeka picha ilikuja, lakini kubwa na mbaya, na draiva ikakataa kabisa kufanya kazi. Windows ikasema kosa la 43. Kosa hilo huletwa na mambo mengi, ila moja ni hili: draiva ya AMD hukagua sahihi ya bayosi, na ikiona imeguswa huikataa kadi. Kaka alitaka kuirudisha, muuzaji akazima simu. Basi mimi nikajitolea.

Jambo la kwanza nililifanya vizuri, na najivunia. Nilihifadhi bayosi iliyokuwamo, ingawa ilikuwa mbovu, maana mbovu inayoleta picha ni afadhali kuliko nzuri isiyoleta. Programu ya kazi hii ni amdvbflash. Unaifungua kwa ruhusa ya msimamizi wa Windows, unaandika amdvbflash -i uone kadi yako ni namba ngapi, kisha amdvbflash -s 0 zamani.rom, yaani soma kadi namba 0 uweke katika faili hiyo. Soma mara mbili, faili mbili, kisha uzilinganishe. Zikitofautiana hata baiti moja, usiendelee.

Faili yenyewe unaweza kuikagua kwa hesabu ya darasa la sita. Baiti mbili za mwanzo lazima ziwe 55 na AA, ambazo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 85 na 170. Ya tatu hutaja urefu wa programu kwa vipande vya baiti 512. Ukijumlisha baiti zote za urefu huo na kugawanya kwa 256, kisibaki kitu. Tuseme faili ni fupi ajabu, ina baiti nne tu, na tatu za kwanza ni 85, 170 na 7. Jumla ni 262, ukigawanya kwa 256 inabaki 6. Ya nne sharti iwe 250, ili jumla iwe 512, ambayo ni 256 mara mbili kamili. Ndiyo sababu ukibadili namba moja ndani ya bayosi ni lazima baiti ya hesabu nayo irekebishwe. Programu za kuhariri bayosi hufanya hivyo zenyewe.

Sasa sikizeni nilipoanguka. Hesabu ikikubali, inaonyesha faili ni nzima. Haionyeshi kwamba ni ya kadi yako. Nilitafuta bayosi ya kiwandani katika mkusanyo mkubwa wa TechPowerUp, nikaona moja imeandikwa RX 580 gigabaiti 8, nikaichukua. Ilikuwa ya kampuni nyingine. AMD hutengeneza prosesa, lakini kadi nzima huundwa na kampuni nyingi, kila moja na matundu yake, feni zake na kumbukumbu ya Samsung, Hynix, Micron au nyingine. Tena RX 470, 480, 570 na 580 zote hujitambulisha kwa nambari 67DF, kama ndugu wanne wanaotembea na kitambulisho kimoja. Kwa hivyo nambari hiyo peke yake haitoshi. Ipo ya pili, ya kampuni iliyounda kadi, na programu iliitazama ikaniambia wazi haziafikiani. Ikakataa kuandika.

Ningeshukuru nikaacha. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukiongeza herufi -f programu hulazimishwa. Nikaongeza. Ikaandika, nikazima, nikawasha. Skrini nyeusi tii. Feni zinavuma kama posho mill. Kaka alikuwa ameenda kununua karatasi, nami nikakaa pale na shilingi 12,000 zake mikononi, kijasho chembamba kikinitoka.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Prosesa ya tarakilishi ile ina picha yake yenyewe, kwa hivyo nilihamisha waya wa skrini kutoka kwenye kadi hadi kwenye ubao mkubwa, na Windows ikafunguka. Na faili zamani.rom nilikuwa nayo. Kadi haikuwa imekufa, ilikuwa imepotewa na akili tu. Nilichomeka tarakilishi kwenye ile betri ya akiba ya saiba, kwa sababu kwetu stima hupotea bila hodi, na ikipotea katikati ya kuandika unabaki na nusu bayosi. Nikaandika amdvbflash -p 0 zamani.rom. Picha ikarudi, mbaya vile vile, lakini sikuwahi kuona picha nzuri kama ile.

Kadi nyingine zina swichi ndogo pembeni, yaani zina bayosi mbili. Mwenye nayo awashe kwa ile nzima, asukume swichi tarakilishi ikiwa inawaka, kisha aandike ile iliyoharibika. Asiye na lolote kati ya hayo hana budi kumwendea fundi mwenye kifaa cha kubana chipu na kuiandika moja kwa moja. Huyo naye aisome kwanza namba ya chipu: nyingine hutumia volti 3.3, nyingine 1.8, na ukikosea unaichoma. Wenye kadi za NVIDIA kuanzia familia ya GTX 10 ya mwaka 2016 wajue kwamba bayosi iliyohaririwa haipokelewi, kwa kuwa kadi yenyewe hukagua sahihi.

Siku ya pili sikuharakisha. Niliifungua kadi, nikatoa feni na kusoma maandishi madogo ya ubao, nikapata jina la kampuni. Chipu za kumbukumbu zilikuwa za Micron. Nikatafuta bayosi ya kampuni hiyo, muundo huo, gigabaiti 8, yenye Micron katika orodha yake. Safari hii programu haikukataa, wala sikuandika -f. Draiva ikakubali, kosa la 43 likaisha, na jioni hiyo vijana walicheza hadi saa tatu usiku.

Zamani.rom bado ninayo, katika flashi diski mbili. Ile habari ya skrini nyeusi kaka hajaijua hadi leo, na kwa kuwa mimi ndimi niliyemwahidi nakala ya gazeti hili, ataisoma hapa.